Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Kadi ya mtoto ina ngapi?

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja hapa Sokon I, Arusha, wanawake 28 tunakaa kuzunguka sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani. Sanduku lina kufuli tatu. Mweka hazina ndiye anayelala nalo kwake, lakini hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa watu wengine watatu wanaokaa mbalimbali, na mimi ni mmoja wao. Wangu ni wa kufuli ya kati. Siku kifodi kikikwama njiani nikachelewa, wenzangu 27 wanakaa kulitazama sanduku mpaka nifike, na nikifika natoa faini ya Sh1,000 mbele ya watu, mtu mzima na kilemba changu.

Hatufanyi hivyo kwa kushukiana. Mweka hazina wetu hajawahi kupoteza hata shilingi. Tunafanya hivyo ili siku ikitokea hasara asinyooshewe kidole peke yake, na ili naye usiku apate usingizi. Katiba ya kikundi tumeiandika sote na tunaijua sote. Mgeni akitaka kuisoma tunampa. Kinachofichwa ni funguo tu.

Nimeanza na sanduku kwa sababu nataka kuzungumzia kadi.

Muhula uliopita, shule anayosoma mwanangu wa mwisho iliwapa watoto kadi za plastiki zenye picha, jina na darasa. Mzazi anapeleka fedha ofisini, zinaingizwa kwenye kadi, mtoto anagusisha kadi kwenye mashine ya kantini na kupewa andazi na juisi. Shule sitaitaja, kwa maana kosa nitakalolieleza nimekuja kuambiwa lipo kwingi. Siku ya kuzindua tulipiga makofi. Habari za hela kudondoka mfukoni, za wakubwa kuwanyang'anya wadogo, tukaona zimefika mwisho.

Jumapili moja akaja kutusalimia mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni hapa Arusha. Kadi ilikuwa juu ya meza. Akaichukua, akaiweka mgongoni mwa simu yake, akasubiri kidogo, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Shangazi, hii kadi iko wazi."

"Wazi vipi, nayo ina picha ya mtoto na nembo ya shule?"

"Nembo iko juu, shangazi. Ndani hawajabadilisha ufunguo. Umebaki ule ule wa kiwandani."

Akanigeuzia kioo cha simu. Palikuwa na mistari mingi ya herufi na tarakimu, na mwishoni mwa kila fungu kulikuwa na mmoja ulioanza na F kumi na mbili zilizofuatana: FFFFFFFFFFFF. Huo ndio uliokuwa ufunguo. Mistari michache juu yake, akanionyesha, lilikaa salio la mwanangu: Sh6,500. Nikamuuliza kama anaweza kuliandika upya lisomeke 65,000. Akasema ni kazi ya nusu dakika. Nikamwambia asithubutu, na nikamwomba akae anieleze tangu mwanzo, kwa lugha ya mtu anayeuza vitenge Kilombero.

Nyumba ya vyumba 16

Kadi hizi hazina betri. Ndani ya plastiki umezungushwa uzi mwembamba wa shaba, na kwenye ncha zake kuna chipu ndogo ambayo ukiidondosha mchangani huioni tena. Mashine ya kusomea inatoa mawimbi ya megahezi 13.56. Kadi ikisogezwa karibu, sentimita kumi au chini ya hapo, mawimbi yanazalisha umeme kidogo kwenye ule uzi, chipu inaamka na kuanza kujibizana na mashine. Ukiiondoa, inalala. Ndiyo maana kadi inaweza kukaa mwaka mzima kabatini na siku ukiitoa ikasoma.

Aina waliyopewa watoto wetu ni ya siku nyingi na imeenea dunia nzima: MIFARE Classic. Jina hilo limebeba jina la Mikron, kampuni ya Austria iliyoibuni. Ilitoka mwaka 1994, baadaye ikawa mali ya Philips, na leo iko chini ya NXP ya Uholanzi. Kadi ya kawaida ya aina hii ina kumbukumbu ya baiti 1,024 tu. Aya mbili tatu za makala hii zingeijaza pomoni.

Mpwa wangu aliichora kwenye karatasi kama nyumba ya kupangisha. Ina vyumba 16. Kila chumba kina rafu 4, na kila rafu inabeba baiti 16. Rafu ya kwanza kabisa, ya chumba cha kwanza, huandikwa kiwandani: hapo panakaa namba ya kadi, na kwenye kadi halali haifutiki. Rafu ya mwisho ya kila chumba haiwekwi mali. Ni rafu ya kufuli. Baiti 6 ni za ufunguo wa kwanza, unaoitwa A. Baiti 6 nyingine ni za ufunguo wa pili, B. Katikati yao baiti 4 zinabeba masharti: nani asome, nani aandike, nani aongeze, nani apunguze. Ukitoa rafu 16 za kufuli na ile moja ya kiwanda, mwenye nyumba anabakiwa na baiti 752 za kuwekea vitu vyake.

Kilichonifurahisha ni kwamba kila chumba kina funguo zake. Shule ingeweza kuipa kantini chumba kimoja, maktaba kimoja, basi la shule kimoja, na hakuna ambaye angechungulia kwa mwenzake. Muuza maandazi hahitaji kujua mtoto ameazima kitabu gani.

Halafu kuna mgawanyo wa kazi ndani ya chumba chenyewe. Masharti yanaweza kuandikwa hivi: mwenye ufunguo A aruhusiwe kupunguza salio tu, na mwenye ufunguo B ndiye pekee awezaye kuongeza. Mashine ya kantini inapewa A, mhasibu anabaki na B. Mashine ikiibwa, au muuzaji akiwa na mkono mrefu, anachoweza ni kumpunguzia mtoto. Kujitengenezea fedha hawezi. Salio lenyewe lina namna yake maalumu ya kuandikwa: linarudiwa mara tatu kwenye rafu moja, mara mbili wima na mara moja kinyume, ili maandishi yakiharibika ijulikane. Mweka hazina wetu anafanya jambo lile lile anapoandika kiasi kwa tarakimu kisha kwa maneno. Na ufunguo A, ukishaandikwa, hausomeki tena na mtu yeyote, hata aliyeuandika. Mashine ikiuomba inajibiwa sifuri tupu.

Niliweka kikombe chini. Kijana alikuwa ananieleza kikoba. Kwetu wahesabu fedha wanahesabu lakini hawashiki sanduku. Mweka hazina anashika sanduku lakini hafungui. Sisi wa funguo tunafungua lakini hatuandiki. Katibu anaandika lakini hagusi hela. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi chini ya jina la Mata Masu Dubara, na wengi wao hawakuwa wamesoma. Wahandisi wa Austria na wanawake wa Maradi hawakuwahi kukutana, lakini walifikia jawabu moja: anayeshika, anayefungua na anayeandika wasiwe mtu mmoja.

Kufuli ya pili iliyoning'inizwa wazi

Sasa sikiliza kadi inavyokuwa inapotoka kiwandani. Vyumba vyote 16 vina ufunguo mmoja, ule wa F kumi na mbili. Masharti yameandikwa kwamba mwenye ufunguo A anaweza kila kitu: kusoma, kuandika, kuongeza, kupunguza na hata kubadilisha kufuli zenyewe. Ufunguo B katika hali hiyo unasomeka kwa yeyote mwenye A, na kwa sababu unasomeka, chipu haiuhesabu kama ufunguo tena. Umebaki pambo.

Kiwanda hakijakosea. Kadi mpya inauzwa hivyo kwa makusudi, kama kitasa kipya kinavyouzwa na funguo zake ndani ya boksi, ili mnunuzi aweke za kwake. Aliyekosea ni aliyechapisha picha za watoto vizuri, akapanga programu ya kantini vizuri, akaacha mlango kama alivyoukuta. Baada yake ni shule iliyolipa bila kuuliza. Baada yake ni sisi wazazi tuliopiga makofi.

Kijana akaniambia kuna mifumo mibaya zaidi ya huo. Mageti mengi ya ofisi na hosteli, na mashine nyingi za mahudhurio, hazifungui hata chumba kimoja cha kadi. Zinasoma ile namba ya rafu ya kwanza tu na kufungua mlango. Namba hiyo inatamkwa hadharani kwa mashine yoyote inayoiuliza, na zinauzwa kadi za magendo ambazo rafu yake ya kwanza inaandikika. Kwenye kikoba kila mwanachama ana namba, na mimi ni namba 14. Lakini siku mwenyekiti atakapotoa mkopo kwa kila atakayebisha hodi na kusema "mimi namba 14", siku hiyo kikundi kimekufa.

Watakaosema kazi bure

Najua wapo mafundi watakaosoma hadi hapa waseme: mama huyu anapoteza muda, kadi hizo zilishavunjwa zamani, hata ukibadilisha ufunguo. Wana hoja, na inafaa isimuliwe.

Usalama wa MIFARE Classic ulitegemea fumbo la hesabu lililoitwa Crypto-1, ambalo kampuni ililifanya siri. Mwishoni mwa mwaka 2007, kwenye mkutano wa wadukuzi uliofanyika Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyoichubua chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini na kulisoma fumbo kwenye saketi zake. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakaonyesha udhaifu wake hatua kwa hatua. Wakati huo chipu hiyo ilikuwa kwenye kadi ya nauli ya Uholanzi na kwenye Oyster ya London. NXP ikaenda mahakamani Arnhem kuzuia utafiti usichapishwe. Julai 2008 mahakama ikakataa. Kwa maoni yake, hasara ilitokana na kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, haikutokana na kuisema kasoro hiyo.

Kosa la msingi lilikuwa la kizamani. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha Ufaransa, alikwishaandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule ambao hata adui akiujua wote, bila ufunguo hafiki popote. Kikoba kinaishi kwa kanuni hiyo bila kumjua. Mwizi akiisoma katiba yetu neno kwa neno, bado atahitaji wanawake watatu kutoka mitaa mitatu. Crypto-1 ilificha katiba, na ilipofichuka hapakuwa na cha kuegemea.

Udhaifu huo haujaisha na miaka. Arusha ni mji wa wageni: anayekwenda Serengeti, anayepanda Meru, anayekuja kwa mikutano kwenye ukumbi wa AICC, wengi wao hulala nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa kadi. Machi 2024 kundi la watafiti, akiwamo Lennert Wouters na Ian Carroll, lilitangaza kwamba vitasa vya hoteli vya Saflok, vilivyokuwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, viliweza kufunguliwa kwa jozi ya kadi za kughushi zilizotengenezwa kutokana na kadi moja ya hoteli husika. Kadi hizo zilikuwa za familia hiyo hiyo ya MIFARE Classic. Agosti mwaka huo huo, Philippe Teuwen wa kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa akafichua jambo lililonitia baridi zaidi. Chipu fulani ya bei nafuu inayoiga MIFARE, iliyotengenezwa na Shanghai Fudan Microelectronics, ilikuwa na ufunguo wa siri uliowekwa na mtengenezaji, mmoja kwa kadi zote za toleo hilo. Mnunuzi abadilishe funguo zake atakavyo, ule wa mtengenezaji unaendelea kupita. Kwa lugha ya kikoba, sanduku limeuzwa na ufunguo wa nne ambao katiba haiujui.

Kwa hiyo mafundi wana haki kusema kadi hizi zimezeeka. Zipo za kizazi kipya, kama DESFire, zinazotumia fumbo la AES ambalo kila mtu duniani analijua na hakuna aliyelivunja. Anayeanza leo aanze na hizo. Lakini kutoka kwenye "kufuli hii inavunjika kwa fundi mwenye vifaa" kwenda "basi tuache mlango wazi" ni safari ndefu. Mlango wa mbao unavunjwa kwa shoka, hatujaacha kuufunga. Kadi ya mwanangu haikuhitaji shoka. Ilihitaji simu ya kawaida na kijana aliyekuja kunywa chai.

Na mtu asinielewe vibaya akaenda kuikunja kadi yake ya benki. Za benki za kugusa zimeundwa kwa namna nyingine: fedha haikai ndani ya kadi, na kila muamala unapigiwa muhuri wake wa siri, tofauti na uliopita. Ninaowazungumzia ni wale wanaoweka fedha au ruhusa ndani ya plastiki ya bei rahisi na kuiacha huko.

Kadi zinakuja na maji na nauli

Ningekaa kimya kama jambo lingeishia kwenye maandazi. Lakini angalia tunakoelekea. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji la Nairobi iliweka Mathare mashine ambazo mkazi aligusisha kadi na kuchota lita 20 kwa senti 50 za Kenya, bei ambayo wachuuzi wa mitungi hawakuwahi kuitoa. Kigali, tangu mwaka huo huo, abiria wa mabasi wamezoea kadi ya Tap&Go. Dar es Salaam anayevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni anagusisha N-Card. Jirani zetu wa Babati wamefikiwa na mabomba ya eWATERpay, ambako kitufe kidogo cha kugusisha ndicho kinachofungulia maji. Hapa kwetu, mlimani Meru, ambako maji ya baadhi ya chemchemi yana floraidi ya kuharibu meno ya watoto, bomba la maji salama ni jambo la afya. Siku bomba hilo likifunguliwa kwa kadi, ufunguo wa kadi utakuwa ufunguo wa maji.

Kadi inaweza pia kukataliwa hata ikiwa na kufuli nzuri. Nairobi ni shahidi. Google na Benki ya Equity walizindua BebaPay mwaka 2013 kwa ajili ya nauli za matatu. Serikali nayo ikaamuru Julai 2014 iwe mwisho wa nauli taslimu. Tarehe ilisogezwa, amri ikafifia, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Wenye magari walipenda hesabu iliyo wazi. Dereva na konda, ambao siku yao huishia kwenye kile kinachobaki baada ya hesabu ya tajiri, hawakuona chao. Somo ninaloliona hapo ni la washika funguo: mfumo ambao watu wake wa chini hawana chochote cha kushika, watauangusha au watauzunguka.

Tunaambiwa kubadilisha funguo ni gharama, ni usumbufu, ni kurudisha kadi zote. Nakumbusha LUKU. Mita zetu za umeme zilihesabu muda kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi ya kuandikia dakika hizo ilikuwa inajaa 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haikubadilishwa isingepokea umeme mpya. Basi mwaka 2024 tukinunua umeme tulitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza hayakuwa umeme. Yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita. Bibi wa miaka 80 kwa jirani yangu aliyaingiza mwenyewe, tarakimu 60, mjukuu akimsomea. Nchi nzima ilibadilisha funguo kwa vidole. Shule yenye watoto mia tano haiwezi kutuambia imeshindwa.

Sh6,500 si kitu, lakini

Mzazi mmoja niliyemweleza haya aliniuliza: nani atahangaika kuiba hela ya andazi? Jibu la kwanza ni kwamba watakaohangaika ni watoto wenyewe. Kijana wa kidato cha pili mwenye simu na rafiki mjanja atalijua hili kabla ya mwalimu wa nidhamu, na kitakachofuata ni salio linalojijaza lenyewe na kantini isiyojua kwa nini hesabu haikai sawa. Mali bila daftari huisha bila habari, na kadi iliyo wazi ni daftari ambalo kila mtu ana kalamu yake. Atakayeulizwa mwisho wa mwezi ni mama wa kantini, ambaye hakuwahi kuambiwa kuna kitu kinaitwa ufunguo A.

Jibu la pili ni kwamba ndani ya kadi hapakuwa na fedha tu. Palikuwa na jina la mwanangu, darasa lake na namba yake ya usajili, vikisomeka kwa yeyote atakayeikaribia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Inamhusu pia mwenye shule na mwenye hosteli.

Linganisha na tunavyoangaliwa sisi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka vikundi daraja la nne. Tumepeleka katiba, tumepeleka orodha ya viongozi, tumeandikishwa halmashauri. Sawa kabisa, silalamiki. Nashangaa tu kwamba wanawake 28 na sanduku la bati wanaulizwa nani anashika nini, na mfumo unaobeba fedha na majina ya watoto mia tano haujaulizwa na mtu.

Basi tuulize sisi. Mzazi, mjumbe wa bodi, meneja wa hoteli, mwenyekiti wa kamati ya maji, siku muuza kadi atakapokuja na vipeperushi vyake vya rangi, muulize maswali manne, na asipoyajibu msitie saini.

Moja: funguo za kiwandani zimebadilishwa, na kila kadi ina zake, au zote zina mmoja? Kadi zote zikiwa na ufunguo mmoja, atakayevunja moja amevunja zote.

Mbili: nani anashika ufunguo wa kuongeza na nani wa kupunguza? Akikujibu kwamba zote ziko kwake, kwenye kompyuta yake ndogo, huyo anaondoka na sanduku lenu.

Tatu: chipu ni ya nani na ya kizazi gani? Aandike jina kwenye mkataba.

Nne: salio liko wapi? Kama liko kwenye kadi peke yake, bila daftari la pili la kulinganisha kila jioni, mnaweka hela mfukoni mwa mtu na kumwomba akumbuke.

Hakuna swali hapo linalohitaji shahada. Ni maswali ambayo mwanachama mpya wa kikoba huuliza siku ya kwanza, kabla hajanunua hisa moja.

Mimi nilimwandikia mkuu wa shule barua, nikamweleza nilichokiona bila kumtaja kijana. Alinipigia siku ya tatu, akanishukuru, akasema amemuuliza mwenye mfumo na ameambiwa "hilo ni suala la kiufundi". Kantini kwa sasa imerudi kwenye daftari, na kikao cha wazazi ni Jumatano. Maswali manne nimeyaandika nyuma ya kitabu changu cha hisa. Safari hii sitapiga makofi kabla ya kuonyeshwa washika funguo.